KINYOZI WA USIKU: Anakubusu usingizini, anakuachia mpangaji asiyehama. UKIMWI ukiingia, mpangaji anaamka!

Wiki hii tunavuka bahari. Tunakwenda Brazil, ile ile ya Pelé na Romario, ila uwanja wa Maracanã tutaupungia mkono kwa mbali tu. Safari yetu ni ya kijijini, kwenye nyumba za fito na udongo zinazofanana kabisa na zile za babu zetu. Unazijua nyufa zake. Kila mwaka mwenye nyumba anasema atazikandika, na kila mwaka zinamngoja.

Ndani ya nyufa hizo anaishi mdudu mmoja. Kwa umbo utadhani ni kunguni aliyekula vizuri akanenepa mpaka akawa na ukubwa wa mende. Mchana haonekani. Taa ikizimwa, anashuka ukutani polepole. Mwili umefunikwa shuka, kwa hiyo yeye anatafuta palipo wazi: shavu, mdomo, kope la jicho. Wabrazil, watu wa utani, wamemwita barbeiro, yaani kinyozi, maana shughuli yake yote ni usoni. Bolivia na Argentina wanamwita vinchuca.

Kinyozi huyu halipishi. Anafyonza damu dakika kadhaa, wala husikii kitu, na akishashiba anajisaidia palepale pembeni ya kidonda. Ndiyo, umesoma sawasawa. Chakula anakula kwako, na choo anafanyia kwako.

Basi balaa lote limo kwenye hicho choo. Usiku panawasha, mtu anajikuna huku kalala, na kwa kucha zake mwenyewe anakisukumia kinyesi ndani ya kitundu au jichoni. Kama mdudu alikuwa na kimelea kinachoitwa Trypanosoma cruzi, mchezo umeisha. Mgeni kaingia ndani na mlango kaufunga.

Wazee wa Tabora na Kigoma watashtuka kidogo kusikia jina hilo, maana kimelea hiki ni ndugu wa kile cha malale kinacholetwa na mbung'o. Ukoo mmoja, tabia tofauti. Wa kwetu anapitia mate ya mbung'o, wa kule anapitia mavi ya kinyozi. Na kabla hujaanza kuchoma godoro lako, nikutulize: kunguni wa gesti za hapa mjini ana kesi nyingi, lakini hii si yake.

BINTI WA MIAKA 2 NA PAKA

Aliyemfichua mgeni huyu ni daktari kijana wa Kibrazil, Carlos Chagas. Alitumwa kwenye mji mdogo wa Lassance, jimbo la Minas Gerais, ambako reli ilikuwa inajengwa na vibarua wanaanguka kwa malaria. Kufika huko, injinia mmoja wa reli akamwonyesha wale wadudu waliokuwa wanawasumbua watu usiku. Chagas akampasua mdudu, akachungulia kwenye hadubini, akaona vimelea vinachezacheza.

Kesho na keshokutwa akaanza kuwapima wanyama na watu. Paka akakutwa navyo. Halafu Aprili 14, 1909, akavikuta kwenye damu ya binti wa miaka 2 aliyekuwa anaungua homa. Binti huyo aliitwa Berenice, na jina lake limo kwenye vitabu vya udaktari mpaka leo. Aprili 14 ndiyo siku ambayo dunia huadhimisha ugonjwa wa Chagas, na maadhimisho hayo yalianza mwaka 2020.

Sasa sikiliza hii. Berenice hakufa na homa ile. Alipona, akakua, akawa mama mtu mzima. Mwaka 1962 wataalamu wakamfuata, wakamtoa damu: kimelea kimo. Mwaka 1978 wakarudi tena: kimo! Miaka karibu 70 kakaa naye kama mpangaji aliyesahau kuhama, na mama wa watu hana habari wala hana shida. Alifariki akiwa na zaidi ya miaka 70, tena kwa sababu nyingine kabisa.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa ugonjwa huu. Mwanzoni ni homa ya wiki chache, pengine kope la jicho moja limevimba, watu wanasema ni malaria au baridi, inapita. Halafu kimya. Miaka 10, miaka 20, miaka 30. Kati ya watu 10 wenye kimelea, kama 3 hivi mwishowe moyo unaharibika: unatanuka, mapigo yanayumba, na wapo wanaoanguka ghafla wakiwa kazini au uwanjani. Wengine ni umio na utumbo mpana ndiyo vinatanuka, chakula hakishuki na choo hakitoki. Waliobaki wanaishi kama Berenice.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 7 hivi wana kimelea hiki, wengi wao Amerika ya Kusini na ya Kati. Na katika kila 10, hata mmoja aliyepimwa akajua ni shida kumpata. Kwa nini? Kwa sababu ni ugonjwa wa watu wa nyumba za udongo, na mtu wa nyumba ya udongo hana wa kumpigia tarumbeta. Mzungu Charles Darwin, yule wa nadharia ya viumbe, aliandika kwamba mdudu huyu alimvamia usiku huko Mendoza, Argentina, mwaka 1835. Mpaka leo wasomi wanabishana kama ndiye aliyemletea maradhi yaliyomtesa kwa miaka mingi. Lakini kwa mkulima wa Bolivia aliyeumwa usiku ule ule, nani abishane?

Na usidhani lazima mdudu akufuate kitandani. Mwaka 2005, jimbo la Santa Catarina, watu walisimama barabarani wakanywa juisi ya miwa, kumbe mdudu alisagwa humo humo na mua. Wengine walikufa. Kimelea hupita pia kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, kwa kiungo cha kupandikizwa, na kwa damu ya kuongezewa.

Hiyo ya damu ishike vizuri, tunaijia.

CHUPA MOJA, BALAA MBILI

Kwa miaka mingi damu Brazil ilikuwa biashara. Mtu kaishiwa, anakwenda kuuza chupa moja apate ya kula. Na wauzaji ni akina nani? Ni wale wale waliotoka vijijini kuja mjini kutafuta maisha, mpangaji wao moyoni. Kwa njia hiyo Chagas ikapanda lori ikahamia mjini bila kinyozi kusafiri hata hatua moja.

Wataalamu walijua. Tangu miaka ya 1950 baadhi ya hospitali za huko zilikuwa zinatia kwenye damu ile dawa ya rangi ya zambarau, GV, ambayo wewe na mimi tulipakwa mdomoni utotoni tukicheka na meno ya bluu. Ilikuwa inaua kimelea ndani ya chupa. Mgonjwa akiongezewa damu hiyo, ngozi ilikuwa inageuka bluubluu kwa muda. Kituko, lakini ilisaidia.

Miaka ya 1980 ukaja UKIMWI. Mfereji ule ule wa damu ya kununua, ambao ulikuwa unasafirisha Chagas kimyakimya, sasa ukabeba na virusi. GV ilikuwa ni ya Chagas tu.

Brazil nzima ilifumbuka macho kwa sababu ya ndugu watatu, watoto wa mama mmoja wa Minas Gerais, jimbo lile lile la Berenice. Henfil alikuwa mchora katuni, kila mtu anamcheka na kumwogopa. Chico Mário alikuwa mwanamuziki. Betinho, jina kamili Herbert de Souza, alikuwa msomi wa mambo ya jamii. Wote watatu walizaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda, kwa hiyo kuongezewa damu kwao lilikuwa jambo la kawaida. Wote watatu wakapata VVU kwa njia hiyo. Henfil na Chico Mário walifariki mwaka mmoja, 1988, wakipishana kwa miezi tu. Betinho alibaki akipiga kelele mpaka alipofariki mwaka 1997.

Mwaka huo huo wa 1988 Brazil iliandika katiba mpya, na ndani yake wakaweka marufuku: damu ya binadamu haiuzwi. Mimi hapa huwa nasimama kidogo nikiisoma hiyo. Kuna nchi ngapi ambazo katiba yake imelitaja jambo la chupa ya damu? Waliofika huko walikuwa wamezika watu.

ASKARI WAKILALA

Turudi kwa mpangaji. Swali ni hili: kama Berenice aliishi naye miaka yote ile, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba kimelea hakijalala kwa hiari. Kimelazwa. Kinga ya mwili haina nguvu ya kukifukuza kabisa, lakini inakibana kwenye kona yake, ndani ya misuli ya moyo na ya utumbo, kisifurukute. Ni kama kituo cha polisi kilicho karibu na nyumba ya jambazi sugu. Jambazi yupo, anajulikana, ila hathubutu.

VVU ndiyo vinawaondoa askari kituoni. Madaktari huwahesabu kwa kipimo cha CD4. Mwenye afya anao mamia kwa mamia. Wakishuka chini ya 200, jambazi anachungulia dirishani, anaona kimya, anatoka na rungu lake.

Kuelekea miaka ya 1990 madaktari wa Amerika ya Kusini walianza kukutana na kitu ambacho vitabu vyao havikukisimulia. Mtu mwenye UKIMWI analetwa na homa, kichwa kinampasuka, anachanganyikiwa, anapata degedege, upande mmoja wa mwili unalegea. Kimelea kilichozoeleka kuwa mwizi wa mioyo kilikuwa kimepanda kichwani! Kwa wenye UKIMWI kinaposhambulia, mara nyingi zaidi ni ubongo, na moyo unafuata nafasi ya pili.

Weka picha hii akilini. Ni mfano tu, lakini São Paulo mifano ya namna hii haihitaji kutungwa sana. Mama wa miaka 35, kazaliwa kijijini Bolivia, nchi ambayo Chagas imewashika watu kuliko nchi nyingine yoyote kwa idadi ya wakazi wake. Kaja São Paulo na wenzake kushona nguo, cherehani tangu alfajiri mpaka usiku. Hajawahi kupima ngoma. Siku moja anaanguka kwenye kiti chake. Hospitali wanapima: VVU wapo, na CD4 ziko chini kabisa. Wanampiga picha ya kichwa, wanaona uvimbe kwenye ubongo.

Sasa uvimbe kwenye ubongo wa mtu mwenye UKIMWI, daktari wa dunia nzima kichwa chake kinakwenda kwenye toksoplazma, maana ndiyo inayoongoza. Anaanzishiwa dawa za toksoplazma. Si kosa, ndivyo ilivyoandikwa. Wanangoja wiki, wiki mbili, waone kama uvimbe utanywea.

Kama ni Chagas, haunywei. Kwenye picha magonjwa haya mawili yanafanana kama mapacha, ila dawa ya huyu haimgusi yule. Zile siku za kungoja ndizo zinazomzika mgonjwa, kwa sababu Chagas ikishaamka kichwani haimpi mtu miezi. Inampa wiki.

Na kinachouma ni kwamba kumkamata mhalifu ni rahisi mno pale mtu anapokumbuka kumtafuta. Daktari anavuta maji kidogo ya uti wa mgongo, kama hali ya ubongo inaruhusu, anayaweka chini ya hadubini. Vimelea vinaonekana vikiogelea, hai, kama viluwiluwi. Hata tone la damu wakati mwingine linatosha, kwa sababu kimelea kikiamka kinajaa kwenye damu kama siku za mwanzo kabisa. Hadubini, msomaji! Kitu ambacho hata zahanati ya wilaya inacho. Ila inabidi kuwe na mtu wa kuuliza: mama, ulizaliwa wapi?

SIKU 60 ZA VIDONGE

Dawa zipo mbili tu, na zote ni za zamani, za miaka ya 1960 na 1970: benznidazoli na nifurtimoksi. Inayopendwa zaidi ni benznidazoli, inamezwa kwa siku 60 au kuzidi. Si pipi. Vipele vinatoka mwili mzima, wengine vidole vinakufa ganzi, na mjamzito hapewi. Lakini ikianza mapema, mgonjwa anarudi kwenye cherehani yake. Baada ya hapo anaendelea na dozi ndogo, mara 3 kwa wiki, mpaka askari warudi kituoni.

Unaowarudisha askari ni mseto wa dawa za kufubaza VVU. Brazil ilipitisha sheria ya kuzitoa bure mwaka 1996, wakati nchi nyingi maskini zilikuwa bado zinaambiwa hizo si saizi yao. Mwenye VVU na Chagas akizimeza kila siku, virusi vikafubaa, mpangaji mara nyingi anabaki kulala kama alivyolala kwa Berenice. Mwaka 2004 Brazil ikaongeza hatua nyingine: Chagas iliyoamka ikaingizwa rasmi kwenye orodha ya magonjwa yanayoonyesha kwamba mtu ameshafikia UKIMWI. Usidharau makaratasi. Ugonjwa usio kwenye orodha hauulizwi, na usioulizwa hauna dawa kwenye kabati.

Kabati lenyewe liliwahi kukauka. Mwaka 2011 benznidazoli iliadimika, kwa sababu kiwanda kilichokuwa kinategemewa kilikuwa kimoja, hukohuko Brazil. Madaktari Wasio na Mipaka wakapiga kelele hadharani. Hebu fikiria: mamilioni ya watu, dawa ya zamani, kiwanda kimoja! Ingekuwa ni ugonjwa wa matajiri wa New York, vingekuwa 20 na matangazo kwenye televisheni.

Jambo lingine la kina mama. Mjamzito mwenye Chagas anaweza kumwambukiza mtoto, na akiwa na VVU juu yake, uwezekano unapanda. Kwa hiyo kliniki za huko mtoto wa mama wa namna hiyo anapimwa vyote viwili. Habari njema ni kwamba mtoto mchanga akitibiwa Chagas ndani ya mwaka wa kwanza, karibu wote wanapona kabisa. Watu wazima hawana bahati hiyo.

KINYOZI HAPANDI NDEGE, MPANGAJI ANAPANDA

Vijijini nako si kama zamani. Nyumba zilipuliziwa dawa, kuta zikapigwa lipu, na mwaka 2006 Brazil ilipewa cheti kwamba yule kinyozi sugu kuliko wote, Triatoma infestans, haambukizi tena nchini humo. Aina nyingine za wadudu zipo bado, na huko Amazon chakula na juisi ndiyo njia kuu siku hizi.

Lakini waliokwishaumwa wametawanyika. Hispania ina Wabolivia wengi, na iliweka kanuni ya damu ya wachangiaji wa kutoka kule tangu 2005. Marekani ilianza kupima Chagas kwenye benki zake za damu mwaka 2007, na inakadiriwa kuna watu kama laki 3 wenye kimelea hicho nchini humo. Ndiyo maana kwa mtu yeyote aliyezaliwa kule, au ambaye mama yake alizaliwa kule, akikutwa na VVU ushauri ni mmoja: apimwe na Chagas siku hiyo hiyo, kabla CD4 hazijaanguka. Asingoje, kwa sababu kinga ikiporomoka sana hata kipimo chenyewe cha damu kinaweza kukudanganya kwamba huna.

Nilipowasimulia washkaji kijiweni, mmoja akaniambia, "Sasa hiyo ya Wabrazil inatuhusu nini?" Nikamuuliza, mjomba wako aliyefariki na TB mwaka ule, aliipata lini? Akanyamaza. Wengi wetu tunatembea na TB iliyolala kifuani tangu utoto, na hatujui. Jambazi wetu ana jina jingine, kituo cha polisi ni kilekile.

Na wapo ndugu zetu walio Madrid, Houston, Miami, wanakaa chumba kimoja na Mbolivia au Mmexico, wanafanya naye kazi, wengine wameoana. Basi kama una kaka au dada huko na anakusimulia kuhusu shemeji anayetoka upande ule, aliyekutwa na virusi juzi na anaogopa kurudi hospitali, mwambie amuulize maswali mawili tu. Nyumba ya kwao ilikuwa ya udongo? Na usiku, walipokuwa wadogo, mama yao alikuwa anawafukuzia mdudu gani ukutani?